Chama Hujengwa na Wanachama

Wapo watu wanaodhani kwamba chama cha siasa ni jina la mtu mmoja mashuhuri, gari lenye kipaza sauti, na fulana za kugawa wakati wa uchaguzi. Wengi wao si wajinga. Ni wasomi, wamo maofisini na mashuleni. Kwao mwanachama ni mtu wa kupiga makofi, na akishatumbukiza kura sandukuni kazi yake imekwisha mpaka aitwe tena. Watu hao hao wakisikia habari za vyama vya kijani, yaani vyama vinavyoweka hifadhi ya mazingira mbele, husema kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu walioshiba. Mawazo yote mawili ni kasumba tupu, na historia ya chama cha Kijani cha Ujerumani inayasuta yote mawili.

Chama hicho hakikuzaliwa hotelini wala katika ofisi ya mfadhili. Kilizaliwa mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya jimbo la Baden-Württemberg, katika Ujerumani Magharibi ya wakati ule, ilikata shauri kujenga kinu cha nguvu za nyuklia karibu na kijiji cha Wyhl, kando ya mto Rhine. Wakulima wa zabibu waliogopa kwamba mvuke wa mitambo ungeleta ukungu na kuharibu mizabibu yao. Wakubwa hawakuwasikiliza. Waziri mkuu wa jimbo, Hans Filbinger, aliwatisha wananchi kwamba bila kinu hicho taa zingeanza kuzimika kabla ya muongo kwisha.

Wananchi hawakutishika. Februari 1975 waliingia katika eneo la ujenzi wakalikalia. Polisi wakawafukuza, baada ya siku chache wakarudi wakiwa maelfu kwa maelfu. Mkulima ambaye maisha yake yote alikipigia kura chama cha wahafidhina alikaa bega kwa bega na mwanafunzi wa siasa kali kutoka mji wa Freiburg. Katika msitu ule walianzisha chuo chao cha umma, wakafundishana mambo ya nyuklia, sheria na kilimo. Kinu cha Wyhl hakikujengwa kamwe, na taa hazikuzimika.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wa Wyhl hawakukubaliana juu ya dini, wala juu ya Marx, wala juu ya bei ya mvinyo. Walikubaliana juu ya jambo moja lililowagusa wote, wakalifanyia kazi pamoja. Vikundi vya wananchi vya namna hiyo vilikuwa vimekwisha kuenea nchini. Januari 1980 wajumbe wao walikutana mjini Karlsruhe wakaunda chama. Ndani ya ukumbi mmoja walikuwamo wakulima, Wakristo wacha Mungu, wanawake waliodai haki zao, wapinzani wa silaha za nyuklia na wakomunisti wa zamani. Chama kilijengwa juu ya nguzo nne: hifadhi ya mazingira, haki ya jamii, demokrasia ya wanachama wa chini, na kutotumia mabavu. Katika uchaguzi wa mwaka huo kilipata asilimia 1.5 tu ya kura. Wenye kuvunja moyo walicheka. Machi 1983 kilipata asilimia 5.6, na wabunge 27 wakaingia katika Bunge la Shirikisho.

Waasisi hao walijua ugonjwa wa vyama, kwamba mtu akishapanda ngazi huisahau. Kwa hiyo waliweka masharti magumu. Mbunge alitakiwa kumpisha mwenzake baada ya miaka miwili. Alitakiwa kubaki na kiasi cha mshahara wa fundi stadi tu, na fedha iliyozidi iende katika mfuko wa kusaidia shughuli za mazingira. Mbunge hakuruhusiwa pia kuwa kiongozi wa chama. Mwaka 1986 ikaongezwa kanuni kwamba nusu ya nafasi, au zaidi, ziwe za wanawake.

Masharti hayo yaliwachoma baadhi ya viongozi. Bibi Petra Kelly, aliyekuwa sura ya chama duniani, alikataa kumpisha mwenzake mwaka 1985. Zamu hiyo ya wabunge ilifutwa mwaka 1991, kwa sababu mbunge alikuwa anaondoka pale pale anapoanza kuielewa kazi. Wasiopenda demokrasia hushangilia wakisikia hivyo. Husema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Lakini methali hiyo wanaitumia vibaya. Wanachama si manahodha. Wanachama ndio wenye chombo, nahodha wamempa kazi tu, na mwenye chombo ana haki ya kuuliza kinaelekea wapi. Tena sharti hilo halikufutwa na mtu mmoja usiku. Lilijadiliwa na kuamuliwa katika mkutano mkuu. Na sharti la kutenganisha ubunge na uongozi lilipolegezwa mwaka 2003, liliamuliwa kwa kura za wanachama wenyewe nchi nzima. Kukosea katika kanuni si aibu kwa chama. Aibu ni kuibadili kanuni kwa siri ili kumfaa mkubwa.

Tuje kwenye ushirikiano. Desemba 1990, baada ya Ujerumani mbili kuungana, chama kilianguka vibaya. Wakati taifa zima likizungumza juu ya muungano, wao walijigamba katika mabango kwamba wengine wote wanazungumzia Ujerumani, wao wanazungumzia hali ya hewa. Wapigakura wa upande wa Magharibi waliwapa asilimia 4.8, wakakosa kufikia kiwango cha asilimia 5. Waliookoa jahazi walikuwa wenzao wa Mashariki, watu wa Bündnis 90 waliokuwa wamesimama mbele ya dola ya chama kimoja mwaka 1989. Wao na Wakijani wa Mashariki walipata viti 8. Mwaka 1993 pande hizo mbili ziliungana. Wale wa Magharibi walikuwa wengi zaidi na wenye mali zaidi, lakini walikubali jina la wenzao wadogo litangulie katika jina la chama kipya. Huo ndio ushirikiano. Anayemwita mwenzake "tushirikiane" huku akitaka kummeza, huyo si mshirika, ni chatu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1999. Chama kilikuwa serikalini pamoja na chama cha Social Democrats tangu mwaka uliotangulia, na Joschka Fischer alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Chama kilichoapa kutotumia mabavu kilijikuta kikishiriki vita vya Kosovo. Mwezi Mei mkutano maalumu uliitishwa mjini Bielefeld. Fischer alirushiwa mfuko wa rangi nyekundu, ukampasukia sikioni. Rabsha kama hiyo haifai kusifiwa. Hata hivyo waziri alipanda jukwaani na rangi ile ikiwa bado nguoni, akajieleza mbele ya watu waliomkasirikia, na hoja ikapigiwa kura. Ni mawaziri wangapi duniani wamepata kuwaeleza wanachama wao sababu za vita?

Na matunda yapo. Mwaka 2000 serikali hiyo ilipitisha sheria ya kuendeleza umeme wa jua na upepo. Vinu vitatu vya mwisho vya nyuklia vya Ujerumani vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Katika jimbo lile lile la Wyhl, mwalimu wa sekondari aitwaye Winfried Kretschmann, mmoja wa waanzilishi wa chama katika jimbo hilo, akawa waziri mkuu mwaka 2011, mkijani wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Tangu mkutano wa Karlsruhe ilikuwa imepita miaka 31. Wenye haraka ya vyeo waihesabu vizuri miaka hiyo.

Lakini ukweli usemwe wote. Walimu na watumishi wa serikali ni wengi sana katika chama hicho, na hapo ndipo penye hatari. Wasomi wakijazana katika tawi moja huanza kuzungumza wao kwa wao, na lugha yao humpita mfanyakazi na mkulima kama ndege angani. Mwaka 2021 wanachama waliukubali mkataba wa kuingia serikalini kwa asilimia 86 ya kura. Mwaka 2023 wizara iliyoongozwa na mkijani, Robert Habeck, ilileta sheria ya kubadili mitambo ya kupashia nyumba joto. Nia yake ilikuwa njema. Lakini mwenye nyumba ya kawaida alisikia habari za gharama kabla hajasikia habari za msaada, akaona anaamrishwa. Sheria ilipita mwezi Septemba baada ya kelele nyingi na marekebisho mengi, na chama kikapoteza heshima kwa watu wengi. Katika uchaguzi wa Februari 2025 kilipata asilimia 11.6, baada ya asilimia 14.8 ya mwaka 2021. Tazameni maajabu ya dunia: chama kilichozaliwa na wakulima waliokataa amri za maofisini, sasa chenyewe kinashutumiwa kwa kutoa amri za maofisini!

Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuwacheka. Mwaka 1982 Petra Kelly alipata tuzo ya Right Livelihood. Miaka miwili baadaye tuzo hiyo ilikwenda kwa Wangari Maathai wa Kenya. Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, iliwakusanya akina mama wa vijijini katika vikundi. Walisia mbegu, wakatunza vitalu, wakapanda miti, na kila kikundi kililipwa fedha kidogo kwa miche iliyoshika na kukua, si kwa ile iliyohesabiwa siku ya sherehe. Miti zaidi ya milioni 30 ilipandwa. Mwaka 1989 harakati hizo zilizuia jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi. Nani basi anathubutu kusema kwamba mazingira ni anasa ya walioshiba? Mama anayetembea maili nyingi kutafuta kuni hana haja ya kufundishwa na mzungu thamani ya mti.

Na bado nguvu hiyo haikuwa chama. Profesa Maathai aliingia bungeni mwaka 2002 kwa tiketi ya muungano mkubwa wa NARC, akawa waziri msaidizi, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani. Mwaka 2007 alishindwa katika kura za mchujo, akagombea kwa tiketi ya chama kidogo, akashindwa tena. Sifa ya dunia nzima haikutosha kumrudishia kiti kimoja cha Tetu. Si kosa la akina mama wale. Miti ilikuwa na watu wa kuitunza kila kijiji, lakini chama cha kijani hakikuwa na matawi ya namna hiyo. Kiongozi mkubwa asiye na matawi ni kama mbuyu uliokatwa mizizi. Ukubwa wake ndio utakaouangusha.

Basi wanaoota kuunda vyama vya kijani katika nchi zetu, na wale walio katika vyama vikongwe wanaodhani ukongwe ni mizizi, wapime mambo haya. Je, mwanachama analipa ada yake mwenyewe, au analipiwa na mgombea? Je, tawi linakutana wakati hakuna uchaguzi? Je, uamuzi wa wanachama unaweza kumrudisha nyuma mkubwa, au mkubwa huja na uamuzi tayari mfukoni? Chama ambacho hakiwezi kujibu maswali hayo si chama. Ni kampuni ya kutafutia vyeo.

Mwalimu na mtumishi wa serikali wana elimu ambayo umma uliwagharimia. Haifai kuitumia kumwamrisha mkulima apande mti wasioupanda wenyewe, au kumwandikia taarifa asiyoweza kuisoma. Wakae naye katika mkutano, wamsikilize mpaka mwisho, wabishane naye kwa lugha anayoijua, na kura yake ihesabiwe sawasawa na yao. Kazi hiyo ni ya polepole, haina posho wala kamera. Lakini msitu wa Wyhl haukuokolewa kwa njia nyingine.