Mkono wa Mwanafunzi Usifanywe Biashara ya Haraka

Tarehe 25 Julai, 2019, timu ya sekondari ya Ofunato, katika mkoa wa Iwate nchini Japani, ilicheza fainali ya mkoa ya mchezo wa besiboli. Mshindi ndiye angekwenda Koshien, kwenye mashindano ya taifa ya shule za sekondari ambayo Wajapani huyafuata kwa hamu kubwa. Ofunato ilikuwa haijafika huko tangu mwaka 1984. Safari hii ilikuwa na kijana wa miaka 17, Roki Sasaki, ambaye mwezi Aprili mwaka huo alirusha mpira kwa mwendo wa kilomita 163 kwa saa. Wasaka vipaji wa timu za kulipwa, wa Japani na wa Marekani, walikuwa wakimfuata kila alikocheza.

Siku hiyo kocha wake hakumwingiza uwanjani. Ofunato ilifungwa 12 kwa 2.

Watu walikasirika. Shule ilipigiwa simu za malalamiko. Kocha, ambaye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 32, alieleza kwamba alitaka kumkinga mwanafunzi wake asiumie. Tarehe 21 Sasaki alikuwa amerusha mipira 194 katika mchezo mmoja. Tarehe 24 alirusha mingine 129. Fainali ilikuwa kesho yake.

Sisi tunasema kocha yule alitimiza wajibu wake. Tunasema hivyo tukijua wazi kwamba wapo wasomaji watakaopinga, kwa kuwa wachezaji wenzake nao walikuwa na haki ya kwenda Koshien. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kombe likipotea mwaka huu, wadogo zao wataligombea mwaka ujao. Mkono ukivunjika, hakuna mwaka ujao.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, tueleze kidogo. Mrushaji husimama kiasi cha mita 18 kutoka kwa mpigaji, na kazi yake ni kurusha mpira ambao mpigaji atashindwa kuupiga sawasawa. Timu nzima humtegemea. Kila mrusho mkali huvuta kano za kiwiko na misuli ya bega. Mwaka 1974 Daktari Frank Jobe wa Marekani alimpasua mrushaji Tommy John, akachukua kano kutoka mkono mmoja na kuitia katika kiwiko cha mkono mwingine. Wakati ule lilikuwa jambo la ajabu kwa mtu mzima aliyekwisha kucheza miaka mingi. Leo upasuaji huo unafanyiwa hata watoto wa shule. Hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba kuna mahali tumekosea.

Lawama ni ya nani? Msaka vipaji anakuja na chombo chake cha kupima mwendo. Anaandika namba katika daftari. Kijana anaiona namba ile, baba yake anaiona, na mwalimu wake pia. Tangu siku hiyo kila mmoja anataka iongezeke. Mwezi Desemba mwaka 2024 wakuu wa ligi kubwa ya Marekani wenyewe walitoa taarifa juu ya kuumia kwa warushaji, wakakiri kwamba kukimbilia mwendo ni moja ya sababu kubwa. Basi anayenunua mwendo peke yake asishangae akiletewa mikono iliyochakaa.

Marekani wanalo funzo la zamani. Mwezi Juni mwaka 1973 timu ya Texas Rangers ilimchagua kijana wa miaka 18, David Clyde, wa sekondari ya Westchester mjini Houston. Katika mwaka wake wa mwisho shuleni alikuwa ameshinda michezo 18 bila kushindwa hata mmoja. Badala ya kumpeleka katika timu ndogo ajifunze, wenye timu walimpandisha jukwaani wiki chache tu baada ya kumaliza shule. Timu ilikuwa dhaifu na watazamaji wachache. Tarehe 27 Juni watu zaidi ya 35,000 walijaa uwanjani kumwona, naye akashinda. Mpango ulikuwa acheze michezo miwili kisha apelekwe kujifunza. Lakini viingilio vilikuwa vitamu, na mpango ukasahauliwa. Mwaka 1979 alicheza mchezo wake wa mwisho katika ligi kubwa, akiwa na umri wa miaka 24, baada ya kushinda mara 18 na kushindwa mara 33. Huo ni unyonyaji, hata kama aliyenyonywa alilipwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakusema mvunje.

Si kwamba dunia imelala. Tangu mwaka 2014 Marekani kuna mwongozo unaosema kijana wa miaka 17 au 18 asirushe zaidi ya mipira 105 kwa siku, na akirusha zaidi ya 80 apumzike siku nne. Mwaka 2013 huko Koshien kijana wa miaka 16 alirusha mipira 772 katika mashindano mamoja, na watu wakamsifu kwa ushujaa. Baada ya mjadala mrefu, chama cha besiboli cha shule za sekondari cha Japani kiliweka mpaka wa mipira 500 kwa wiki, kuanzia mwaka 2020. Mpaka huo bado ni mkubwa mno kwa maoni yetu, lakini ni mwanzo.

Na Sasaki je? Timu ya Chiba Lotte iliyompata haikumharakisha. Mwaka 2020 mzima haikumchezesha hata mchezo mmoja wa ligi. Tarehe 10 Aprili, 2022, akiwa na miaka 20, aliwaondoa wapigaji wote 27 wa Orix bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, jambo ambalo lilikuwa halijatokea katika ligi ya Japani tangu mwaka 1994. Mwaka 2025 alijiunga na Los Angeles Dodgers. Hatusemi kwamba kupumzishwa kulimpa kinga ya milele, maana mwaka huo huo bega lilimsumbua akakaa nje miezi kadhaa. Lakini alirudi kucheza kabla ya msimu kwisha.

Mambo haya si ya Wajapani na Wamarekani peke yao. Besiboli inachezwa Dar es Salaam, na mashindano yetu yamechukua jina hilo hilo la Koshien. Jirani zetu wa Uganda walipeleka watoto wao kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Marekani mwaka 2012, na wasaka vipaji wamekwisha kufika kwao. Iko siku watafika kwetu pia. Tuwapokee kwa heshima, lakini tuwe na masharti.

Kwanza, msaka vipaji aulize kijana amerusha mara ngapi, siyo amerusha kwa kasi gani tu. Pili, mwalimu awe na mamlaka ya kusema hapana, na akisema hapana wazazi na viongozi wamuunge mkono. Tatu, mkataba wowote wa mwanafunzi uwe na fedha za masomo, ili siku mkono ukikataa, kichwa kiwe na kazi.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mgeni mwenye daftari atakapoondoka, mtoto atabaki nyumbani kwenu. Mwulizeni mtoto kama mkono unauma, na akisema unauma, msadikini.