Balozi Tusiyejua Anakolala

Sisi wa mtaani tulizoea balozi wa aina moja: wa nyumba kumi. Ukigombana na mpangaji mwenzio unakwenda kumgongea hata usiku, naye anatoka na msuli wake kiunoni, anasikiliza. Siku hizi mabalozi wamejaa. Msanii balozi, mchekeshaji balozi, mchezaji aliyetundika daluga naye balozi, na wote wanatuita tukabeti.

Hatusemi wasile. Kipaji kina msimu wake, na aliyewahi kulala studio na njaa akipata mkataba, ale. Lakini lile bango la pale kituoni! Kashika simu, meno yote nje, mamilioni yameandikwa makubwa kuliko jina lake. Onyo la miaka 18 liko chini kabisa, mpaka uchutame ndiyo ulisome. Na sisi tunaolipita kila asubuhi ndio tuliomlea: tulinunua bando tutazame nyimbo zake, tukalipa viingilio, tukamtetea saluni mpaka tukanuniana. Kumbe tulikuwa tunamkuzia bei.

Tupige hesabu, maana balozi hapigi. Kijana wa bodaboda anasuka mkeka wa mechi 10, kila moja odi 1.5. Buku yake inaahidiwa elfu 57 na ushee. Tuseme kampuni imejikatia asilimia 5 tu katika kila mechi. Makato hayo yanazaana mechi kwa mechi, hata mwisho, kwa wastani, shilingi 400 za kila buku zimeshaondoka kabla refa hajapuliza filimbi. Halafu timu moja ikigoma, mkeka wote umechanika. Hiyo ni ya mpira, wenye Jumamosi yake. Kindege, ule mchezo wa kubeti wa kwenye simu, hakina Jumamosi. Saa nane za usiku kinaruka, kinapotea, kinaruka tena.

Tukinung'unika tunajibiwa kwamba mchezo ni halali, una leseni, unalipa kodi. Sawa. Kenya nako kuna leseni, lakini Mei 2025 bodi yao ilikataza watu mashuhuri kutangaza kamari. Uingereza, vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana Aprili 2023 kuyatoa majina ya kampuni hizo vifuani msimu wa 2025/26 ukiisha (mikononi yanaruhusiwa kubaki, wajanja hawakosi upenyo). Mwezi mmoja baadaye Ivan Toney wa Brentford akafungiwa miezi 8 kwa makosa 232 ya kubeti, na jezi aliyokuwa akiivaa imeandikwa Hollywoodbets kifuani. Yaani akibeti mwenyewe ni kosa, akiwatangazia wengine ni kazi.

Na huku kwetu? Mwaka 2022 Simba walisaini na M-Bet shilingi bilioni 26.1 za miaka 5, Yanga wakawa na SportPesa. Hapo ndipo watani wa jadi walipokubaliana. Mtoto wa darasa la tatu anavaa jezi ya timu ya baba yake, hata hajui kwamba amevaa tangazo asiloruhusiwa kulifuata.

Tungependa kumuuliza balozi swali moja tu: wewe mkeka wako wa mwisho ulisuka lini? Ila tutamuulizia wapi? Namba yake ya simu hatuna, kwake kuna geti na mbwa.

Yule kijana wa mkeka wa mechi 10 alianza na buku yake mwenyewe. Baadaye akaingia kwenye hesabu ya bosi, ya siku mbili, ya wiki. Juzi bosi amekuja kuchukua pikipiki. Mkewe, na mtoto mgongoni, akaenda kumgongea balozi wa nyumba kumi saa tano usiku. Mzee akatoka na msuli wake, akasikiliza mpaka mwisho, asubuhi akapitisha daftari. Tumechanga elfu mbili mbili.