Bei ya Chupa Haimheshimu Mgeni

Kuna imani iliyoota mizizi katika sebule na kumbi zetu, Dar es Salaam sawa na Nairobi: kwamba mgeni anayekunywa pombe huheshimiwa kwa chupa ya bei kubwa iliyotoka ng'ambo. Ndiyo inayofanya kamati ya harusi ipunguze chakula cha waalikwa ili meza kuu isikose shampeni. Ndiyo inayomfanya mwenye nyumba ajikamue anunue wiski ambayo mwenyewe haipendi, ili bosi wake aione mezani, na ndiyo inayofanya mvinyo wa Dodoma ubaki jikoni huku ule wa Ulaya ukisimamishwa mbele, lebo ikiwaelekea watu. Naipinga imani hiyo yote. Bei ya chupa humtukuza aliyeinunua. Mgeni hupata heshima yake pale mwenyeji anapojiuliza atapenda kunywa nini, kwa chakula gani, katika joto gani, na kama anakunywa kabisa.

Nianze na ulimi, kwa sababu watetezi wa chupa ghali husimama hapo kwanza: cha bei kubwa, wanasema, ni kitamu zaidi. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio zaidi ya 6,000 yaliyofanywa Marekani, watu wakionja mvinyo bila kuonyeshwa lebo wala kutajiwa bei. Bei zenyewe zilianzia chini ya dola 2 hadi dola 150 kwa chupa. Watu wa kawaida, wasiosomea uonjaji, hawakuupendelea mvinyo ghali. Kwa wastani waliupenda kidogo chini ya ule wa bei nafuu. Dalili ya kuupenda zaidi ilionekana kwa waliosomea kazi hiyo tu, na katika karamu zetu hao ni wangapi? Hata wajuzi hawana kinga. Rudy Kurniawan alikuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake California, akiujaza katika chupa zenye lebo za Burgundy na Bordeaux na kuwauzia matajiri waliojiita mabingwa wa kukusanya mvinyo. Wakanywa, wakasifu. Aliyemshtukia mnadani ni Laurent Ponsot, mzalishaji wa Burgundy, alipoona chupa zenye jina la familia yake na miaka ambayo familia hiyo haikuwa bado imeanza kutengeneza mvinyo huo. Mwaka 2014 mahakama ya New York ilimfunga Kurniawan miaka 10. Uongo wake ulianza kufichuka kwa maandishi ya lebo, wakati ladha ilikuwa imeshapita midomo mingi bila swali.

Atatokea mtu aseme kwamba raha ni raha tu, hata ikiletwa na bei, na hoja hiyo ina uzito. Watafiti wa vyuo vya Caltech na Stanford waliwaonjesha watu 20 mvinyo huku wakiwatajia bei, na mvinyo uleule wakautaja mara kuwa wa dola 10, mara kuwa wa dola 90. Ulipotajwa kuwa ghali waonjaji waliusifu zaidi, na picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na kuhisi raha ikichangamka zaidi. Kwa hiyo raha ya bei kubwa ipo, siikani. Lakini tazama sharti lake: haiji mpaka mgeni aijue bei. Mwenyeji analazimika kuitangaza kwa namna fulani, na kuanzia hapo mgeni amepewa kazi ya kustaajabu. Atakunywa kwa kujizuia asionekane mlafi, atasifu asichokipenda, kisha ataondoka na deni la kutoa chupa ya hadhi hiyohiyo siku atakapoalika yeye. Huko ni kupimana ubavu mbele ya sahani, na kunawaumiza wenye kipato kidogo kuliko wote, maana ndio wanaokopa ili wasiaibike.

Tena chupa ghali huharibiwa na heshima tunayoipa. Huwekwa katika kabati la vioo sebuleni ikingoja mgeni mkubwa, kwa kudhani inazidi kunoga kadiri inavyokaa. Wiski hukomaa ndani ya pipa la mbao peke yake. Ikishafungwa kwenye chupa haiongezeki umri, na ile iliyoandikwa miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ikikaa kabatini mpaka watoto waoe. Mvinyo nao mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Ukisimama miaka mitano katika sebule ya Tanga yenye joto, mwanga ukiupiga kila mchana, unachomfungulia mgeni wako ni kitu kilichokufa siku nyingi. Hata ule mpya tunaudhulumu kwa kunukuu kanuni bila kujua ilikotoka. Husemwa mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba; chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, chenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Januari, linalopita nyuzi 30, spiriti hupanda puani na kuzima harufu ya tunda. Nusu saa ndani ya friji ingemfaa mgeni kuliko kuiongeza bei ya chupa mara mbili.

Imani hii ina historia, na ni ya uchungu. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizuia pombe kali za biashara kupelekwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, na sheria za makoloni ya Afrika Mashariki ziliendelea kwa miongo kadhaa kumruhusu Mzungu kunywa kile alichokatazwa Mwafrika. Vizuizi vilipolegezwa kuelekea mwisho wa ukoloni, chupa ile ilikuwa imeshabeba maana: anayeimiliki amefika. Sheria zilifutwa, lakini maana yake tukaiacha mezani, na leo tunailipia wenyewe.

Itazame sasa mbege ya Kilimanjaro. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Gome la msesewe huleta uchungu wake. Ulezi huoteshwa, ukaanikwa na kusagwa, ukapikwa uji na kuchanganywa na maji yale ya ndizi, na kusubiriwa tena. Kazi yote yaweza kula wiki, na pombe ikishaiva haingoji, kwani baada ya siku chache imekuwa chachu mno. Hakuna anayeweza kuwa nayo kabatini kwa bahati. Mgeni anayepokea kata ya mbege anajua kuwa watu walimfikiria kabla hajafunga safari, na anajua kwamba kata hiyohiyo itapita kwa jirani yake. Ndiyo sababu mazungumzo ya mahari Uchagani huiita mbege mezani mpaka leo, hata pale ambapo kreti za bia zimejaa uani. Sidai kwamba kila cha kienyeji ni bora. Mvinyo mtamu sana, wa Dodoma au wa popote, hauelewani na nyama choma. Hapo afadhali mwekundu mkavu, au bia baridi. Ninachodai ni kwamba swali liwe hilo la kuelewana, na asili ya chupa ije baadaye.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama. Mwaka 2000 pombe haramu yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Ni haki ya mgeni kuogopa. Lakini maafa hayo huletwa na pombe kali zinazochanganywa na spiriti za viwandani. Mbege na mnazi huchachushwa tu, na hatari yake kubwa ni uchafu wa maji na vyombo, ambao mwenyeji anaweza kuukagua kwa kumjua mpishi au mgema. Chupa yenye jina kubwa nayo haina kinga, kwa kuwa mwenye kughushi hutafuta jina lenye faida nono. Mnunuzi atakingwa zaidi na duka analoliamini, kizibo kisichoguswa na stempu ya kodi.

Yupo pia mgeni asiyekunywa, kwa dini, kwa dawa, kwa ujauzito, au kwa sababu amekunywa maisha yake yakaharibika akaacha. Karamu inayopima heshima kwa chupa haina nafasi yake. Hupewa soda vuguvugu na maswali mbele za watu. Kamati itakayotenga sehemu ya fedha za shampeni ikanunua madafu, togwa nzuri na sharubati ya ukwaju iliyopoa, ikavipeleka meza kuu katika glasi zilezile za wengine, itakuwa imewahudumia wageni wengi zaidi kwa fedha pungufu.