Mafunjo ya Mto Mara si pori la kuchoma

MFUGAJI anayewasha moto kwenye mafunjo wakati wa kiangazi hafanyi hivyo kwa ukorofi. Anatafuta majani machanga ya ng'ombe wake, na jirani yake anatafuta kipande chenye unyevu apande mahindi. Kwa wote wawili, ardhioevu ya Mto Mara ni pori lisilo na mwenyewe. Hapo ndipo hesabu inapokosewa.

Mto huo wa kilometa zipatazo 395 unatoka milima ya Mau nchini Kenya, unapita Serengeti, na kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma unatanda kwenye mafunjo yanayopakana na vijiji vya Butiama. Mafunjo hupunguza kasi ya maji, tope likatua na mbolea ikanyonywa kabla ya kufika ziwani. Kambale na kamongo huzaliana humo. Mvuvi wa Musoma ambaye hajawahi kukata hata funjo moja anaishi kwa kazi ya mmea huo. Bunda nayo, kwenye Ghuba ya Speke, ina mafunjo na matete yake.

Wasukaji wa mikeka wanajua jambo ambalo maofisa wengi hawalitilii maanani: funjo likikatwa kwa kiasi, huchipua tena kutoka kwenye shina lililolala topeni. Shina hilo likichimbuliwa na tope likakaushwa, basi. Ni zao lisilodai mbegu wala mbolea, lakini nani amewahi kulisikia likitajwa kwenye bajeti ya halmashauri?

Machi 2022 samaki walikufa mtoni na maji yakabadilika rangi. Kamati ya Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, maelezo ambayo wengi waliyatilia shaka. Hata wanaoyakubali wanapaswa kuona kwamba chujio nalo huzidiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kumfukuza mkulima kwa kifungu hicho ni rahisi, ila njaa humrudisha usiku. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zingeanza kwa kuvipa vikundi vya vijiji maeneo ya kuvuna mafunjo kwa zamu, na kuvitafutia soko la mikeka kabla kiangazi hakijaanza.