Shukrani Peke Yake Haitoshi



Mara nyingi tumezoea kulaumu kazi za Serikali, na lawama nyingine ni za haki. Leo lakini twataka kuwashukuru watumishi wanaosahauliwa: wahudumu wa afya ya jamii wa Kibera na Kawangware. Kutoka Laini Saba hadi Gatina wapita mlango kwa mlango, mkoba begani, wakipima presha na sukari, wakipima watoto uzito, wakiwahimiza waja wazito waende kliniki. Hawa ni majirani zetu. Matope tunayokanyaga sisi ndiyo wanayokanyaga wao.

Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliizindua kazi hii kwa wahudumu 100,000 nchini kote, ikawagawia mikoba yenye vipimo. Kila mmoja huangalia nyumba kama 100. Posho iliyowekwa wakati ule ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya Serikali kuu na nusu ya kaunti. Haya, gawanyeni wenyewe: ni shilingi 50 kwa kila nyumba. Je, huo ni mshahara?

Twasema wazi: afanyaye kazi ya umma ni mfanyakazi, hata akiitwa mtu wa kujitolea. Yafaa apate ujira wa haki, na aupate kwa wakati.

Nasi tuna wajibu wetu. Akibisha hodi tumkaribishe, tumweleze ukweli, na akituambia twende kliniki twende. Mtaa unaowaheshimu watumishi wake umejiheshimu wenyewe.