Betri ya Mti? Sawa, Lakini Ioni Zitapita Wapi?

Kila habari ya "betri ya mimea" inapozuka mtandaoni, naulizwa itafika dukani lini. Mimi nasema neno "mmea" halitoshi. Programu haipimwi kwa lugha iliyoandikiwa, hupimwa kwa kazi inayofanya. Betri ni vivyo hivyo.

Ndani ya betri ya simu kuna elektroliti, yaani njia wanayopita ioni za lithiamu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa kawaida ni kiowevu, tena kinachoshika moto. Ndiyo maana watafiti wanataka elektroliti yabisi. Mwaka 1978 Mfaransa Michel Armand alipendekeza polima iitwayo PEO. Ubaya wake, hupitisha ioni vizuri ikiwa moto tu. Magari ya Autolib yaliyokodishwa Paris kati ya 2011 na 2018 yalikuwa na betri za polima ambazo lazima zipashwe joto ndipo zifanye kazi.

Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Maryland na Brown, Marekani, walitumia selulosi, ile ile iliyo kwenye mbao na pamba. Selulosi peke yake haipitishi lithiamu kwa kiwango cha maana. Waliingiza ioni za shaba kati ya minyororo yake, nafasi zikapanuka, lithiamu ikapata njia. Walipima milisimensi 1.5 kwa sentimita bila kuipasha joto, ila ni kwa kufuata mwelekeo wa minyororo hiyo. Kwa hivyo sifa tugawe: mti umetoa barabara, shaba imeifungua.

Na yabisi haina maana ya salama. Aprili 2022, Paris iliondoa barabarani mabasi 149 ya umeme baada ya mawili ya aina hiyo kuteketea. Betri zake zilikuwa za lithiamu na polima yabisi.

Kwetu Kenya tuna mkonge na makapi ya miwa, na tayari naona mtu akipiga hesabu ya utajiri. Pole pole! Selulosi ni rahisi kupata duniani kote. Thamani iko kwa anayejua kuifungua, na hilo ni suala la maabara na wanakemia, si la ekari.

Basi ukisoma habari kama hiyo tena, uliza: inafanya kazi kwa joto gani? Inachajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka? Ikitobolewa, inawaka? Kama hakuna jibu, hiyo bado si betri. Wewe waonaje?