Kabla ya kuvuka Kasumbalesa, ligi ifungulie mlango waliokimbia vita

Neno "kupanuka" halina sifa nzuri Kolwezi. Mgodi ukipanuka, kuna avenyu inayofutwa. Watu wa Kasulo walilijua hilo mwaka 2017, wa Cité Gécamines wanalijua hadi leo: kwanza inakuja alama ya rangi ukutani, kisha karatasi ya malipo, kisha gari la kubeba vitanda. Kwa hiyo mtu wa hapa anapowasikia wakubwa wa kabumbu wakisema ligi ipanuke, ivuke mipaka, itafute soko jipya, ana haki ya kuuliza nani atahamishwa safari hii.

Maneno hayo si mageni katika nchi ya shaba. Novemba 2019 TP Mazembe ilisherehekea miaka 80 mjini Lubumbashi, na hapo hapo rais wa FIFA, Gianni Infantino, akatangaza ndoto ya ligi ya klabu kubwa za Afrika nzima. Agosti 2022, Arusha, CAF ikaizindua: klabu 24, zawadi za dola milioni 100. Oktoba 2023 ilipochezwa, klabu zilikuwa 8 tu. Mazembe ilikuwa mojawapo, na mechi yake ya nyumbani dhidi ya Espérance ya Tunis ikachezwa Dar es Salaam. Ilishinda 1-0, ikaenda Tunis ikafungwa 3-0, safari ikaishia hapo. Mwaka uliofuata ligi hiyo haikuchezwa.

Mechi ya nyumbani, Dar es Salaam! Mpenzi wa Mazembe wa Kamalondo aliisikiliza timu yake kwa redio kama vile iko ugenini. Wa Kolwezi, ambaye huwa anapanda gari kilomita kama 300 kwenda kuiona Lubumbashi, safari hiyo hakuwa na hata basi la kukimbilia.

Hata hivyo hoja ya kuvuka mpaka ina nguvu yake, na si haki kuicheka. Ukiangalia ramani, Kitwe ya Zambia iko karibu na Lubumbashi kuliko Kolwezi ilivyo. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na haifikiki bila ndege. Timu ya Kolwezi ikipangiwa mechi magharibi, pesa ya tiketi za ndege inakula mshahara wa wachezaji. Upande wa pili wa Kasumbalesa kuna barabara, kuna Nkana, kuna Power Dynamos iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1991. Huku kuna Mazembe, ambayo ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert. Shaba ni moja, vumbi ni moja, na Kibemba kinasikika pande zote mbili. Wachezaji wenyewe walishavuka zamani: Rainford Kalaba, Stoppila Sunzu na Nathan Sinkala walitoka Zambia wakapata majina makubwa Lubumbashi. Kwa hesabu ya mafuta ya gari, ligi moja ya mkanda wa shaba ingekuwa jambo la akili.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inamhesabu mchezaji na dereva tu. Mpenzi hayumo. Mama anayeuza maji ya vifuko mlangoni mwa uwanja wa Dominique Diur hana pasipoti. Kijana anayechimba kwa mikono na kulipia kiingilio kwa pesa ya gunia la mwisho hana siku mbili za kupoteza kwenye foleni ya malori Kasumbalesa. Timu inavuka kwa karatasi moja ya orodha. Watu wake wanabaki.

Kuna nchi iliyojaribu jambo hili kwa nguvu zote, nayo ni Kanada. Kule wana kabumbu yao, ya mpira mrefu kama yai, unaobebwa mkononi. Inafanana na ile ya Marekani, ila uwanja wao ni mkubwa zaidi na kila timu ina watu 12 badala ya 11. Ligi yao ilikuwa na madeni. Wakubwa wakaona kwamba jirani ana miji mingi na dola nyingi, na kila timu mpya ya Kimarekani italipa ada ya kuingia. Mwaka 1993 wakafungua Sacramento. Mwaka 1994 wakaongeza Las Vegas, Baltimore na Shreveport. Mwaka 1995 zikaja Birmingham na Memphis, na ile ya Sacramento ikahamishiwa San Antonio.

Las Vegas ilimaliza msimu mmoja tu. Watazamaji walikuwa wachache kiasi kwamba mechi yake ya mwisho ya nyumbani ilipelekwa Edmonton, ndani ya Kanada. Mtu wa Kamalondo anaijua habari hiyo vizuri.

Baltimore ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu kule watu walikuja. Mji huo ulikuwa umeporwa timu yake ya zamani, Colts, usiku mmoja wa Machi 1984: malori yalipakia kila kitu gizani yakaondoka kwenda Indianapolis. Miaka kumi baadaye ligi ya Kanada ikawapa timu, wakaipenda, wakaimba. Mwaka 1995 ikatwaa Kombe la Grey, kombe kubwa la Kanada, timu pekee ya Marekani iliyowahi kulitwaa. Mwezi huo huo mwenye timu ya Cleveland, iliyokuwa kwenye ligi kubwa ya Marekani, akatangaza kuileta Baltimore. Mabingwa wakafungasha, wakahamia Montreal. Zile nyingine za Marekani zikafungwa zote. Na nyumbani Kanada, Ottawa, timu ya zamani kabisa, ikafa mwaka 1996. Ada za wageni hazikuiokoa.

Watetezi wa kuvuka watataja mfano wa kinyume, na upo: Toronto, Vancouver na Montreal zinacheza mpira wa miguu katika ligi ya Marekani kwa miaka mingi sasa, na hazijafa. Ni kweli. Lakini zinacheza nyumbani kwao, viwanja vinajaa watu wa miji yao, na walioingia ndio waliotaka kuingia.  Zaidi ya hayo, ligi waliyoingia humaliza msimu. Linafoot ya 2022-23 haikufika mwisho. Nyumba ambayo paa lake linavuja haiongezewi chumba cha wageni wa kulipa.

Na pesa isisemwe kwamba hakuna. Mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilitia mkataba na FC Barcelona ili jina la nchi liandikwe kwenye mavazi ya mazoezi. Vyombo vya habari vilitaja zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Barcelona haina shida ya tiketi za ndege.

Ila kuna kuvuka mpaka kwa namna nyingine, na hapo ndipo wakubwa wa ligi wangepaswa kutazama. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, klabu za Omdurman zilibaki bila uwanja na bila ligi. Al Hilal ilicheza mechi zake za Afrika Dar es Salaam. Msimu wa 2024-25 yenyewe na Al Merrikh zikapokelewa katika ligi ya Mauritania. Al Hilal ikaongoza msimamo, lakini ubingwa ukapewa FC Nouadhibou, kwa sababu mgeni hachukui kombe la mwenyeji. Hakuna aliyelia. Wachezaji walipata mechi, mishahara iliendelea, na mkimbizi wa Khartoum popote alipo alikuwa na matokeo ya kuuliza Jumapili. Msimu wa 2025-26 klabu hizo mbili zikapokelewa Rwanda.

Msikilizaji aliyekimbia Goma atakunja uso kusikia Rwanda ikisifiwa kwa kupokea waliokimbia vita, na hakuna wa kumlaumu. Lakini aibu ya pili ni hii: jambo ambalo Wasudani wanafanyiwa na wageni, watu wa Kivu hawapaswi kuliombea ndani ya nchi yao wenyewe. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Huko kuna klabu za miaka mingi, Dauphin Noir na Bukavu Dawa zikiwemo. Kuna makocha, kuna watoto wa miaka 16 ambao mwaka mmoja bila mechi unawamaliza. Hakuna mpaka wa kuvuka kutoka kwao hadi Lualaba, wala visa, wala ruhusa ya FIFA. Ni nchi moja na shirikisho moja.

Hapo ndipo ligi ipanuke. FECOFA na Linafoot ziandike kanuni ya klabu mgeni: klabu yoyote iliyokimbia vita isajiliwe Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, isilipe ada, isishushwe daraja kwa sababu ya mechi ambazo haikuweza kucheza, na ikirudi kwao ikute nafasi yake. Kama inaogopwa kwamba mgeni atanyang'anya ubingwa, kanuni ya Mauritania ipo, inakiliwe. Serikali ya jimbo itoe saa za mazoezi katika uwanja wa Dominique Diur, ambao siku nyingi za wiki unalala mtupu huku Simba na Blessing wakiutumia kwa zamu. Makampuni ya madini, ambayo kila mwaka yanajivunia miradi ya jamii, yalipie chakula na malazi ya wachezaji 25. Kwa kampuni inayopakia malori ya kobalti usiku na mchana, hiyo si gharama ya kujadiliwa mezani kwa miezi sita.

Atatokea wa kusema kwamba Kolwezi ina waliohamishwa wake, wa migodi, na bado hawajalipwa sawasawa, kwa nini kubeba wa Kivu. Swali hilo ni la kweli na lina hasira ya haki. Lakini deni la mgodi halilipwi kwa kumnyima mtoto wa Bukavu uwanja. Familia iliyopewa dola chache na kuambiwa itafute kiwanja pengine ndiyo itakayoelewa haraka kuliko wote timu isiyo na nyumba ni nini, na viti vya jukwaa la jua vinatosha kwa wote wawili: aliyetoka Kasulo na aliyetoka Goma. Wote waingie bure msimu mzima kwa karatasi yoyote waliyopewa walipohamishwa.

Vyama vya wapenzi wa Simba na Blessing vinaweza kuandika barua ya kuomba hayo wiki hii, nakala moja kwa gavana, moja kwa Linafoot, kabla ratiba ya msimu ujao haijatoka.